Kichekesho cha Mama Sufuria

Tambwe wangu,

Ni miye mama yako, na usicheke maandishi yangu. Shule yangu unajua iliishia wapi. Nakuandikia sababu redio ya hapa Nchelenge imeanza tena kupitisha vichekesho vyako vya zamani, kila Jumamosi muchana. Ungeona soko! Wauza samaki wanaacha nzi zitue. Wenye baiskeli za kupeleka samaki vijiji vya ndani wanasimama mpaka jua linawaharibia mali. Miye napita katikati yao taratibu, shingo juu, ili waulizane, "Njo mama yake ule?" Ndiyo, njo miye. Kutoka Kabuta mpaka Kenani, nani mwingine alizaa mudomo kama huo? Wenzangu walizaa makarani. Miye nilizaa weye.

Unakumbuka ulivyokuwa unajizoeza nyuma ya nyumba, kitambaa changu kichwani? Nilikugombeza: "Redio haionyeshi kitambaa, Tambwe!" Ukanijibu, "Mama, sauti inakivaa." Na kweli ilikivaa. Sauti ya muzee, ya polisi, ya muzungu mwenye homa, zote zilitoka katika koo lile moja. Hata kifua kilipokulaza, munganga ulimuigiza mbele yake, akacheka huku anaandika dawa. Nikajiambia, mutu anayechekesha munganga hafi. Ukakufa wiki ile ile.

Siku ya kukuzika walikuja watani, wale watu wa hapa ambao ukoo wao unataniana na wetu. Mumoja alijilaza kando ya kaburi akapiga kelele: "Tambwe, sogea! Muvivu weye, hata kulala unalala vibaya!" Nikamumwangia maji ya kunawa, yote, mpaka kwenye shati. Watu wakacheka, nami nikacheka na machozi yangu. Utani wetu uko hivyo: anakutukana akiwa mbele yako, na weye uko na maji mukononi.

Nakukumbusha haya sababu ya Mama Feza, jirani yetu wa upande wa mihogo. Kichekesho chako ambacho watu wanakipenda kuliko vyote, cha Mama Sufuria, kilitoka kwake. Mwanamuke anashuka mutumbwi kutoka Kongo na sufuria kichwani. Polisi anamuuliza, "Mutoto iko wapi?" Naye: "Yesu! Nilibeba sufuria, nilisahau mutoto!" Watu wanaanguka chini. Weye ulisikia tu habari ya sufuria pale ufukoni, mutoto ukamutia weye kwa kuchekesha. Hukujua, Tambwe. Mutoto wake alibaki kweli kule ng'ambo, siku watu walikimbia risasi. Mama Feza alidhani mutoto yuko mugongoni kwa dada yake. Hakukuambia hata siku moja. Aliona haya kukuharibia kazi.

Sasa kichekesho kimerudi, na akipita sokoni wanamuitia tena: "Mama Sufuria, mutoto iko wapi?" Alikuja nyumbani kwangu, akakataa kukaa.

"Mama Tambwe, miye sina vita na weye," akasema. "Lakini Jumamosi banapitisha tena. Nimechoka kujifungia ndani."

Nikavaa kitenge kizuri nikaenda redioni. Direkta ni kijana mwenye adabu, alinipa kiti chake. Kapembwa alikuwepo, yule mwenzako aliyekuwa polisi katika kichekesho. Amenenepa. Akasema: "Awe, mayo, hapana mama! Vitu vya zamani vinaachwa vile viko. Tukianza kukata, kesho tutabakia na salamu na matangazo ya matanga." Nilimupenda kwa maneno hayo. Yalikuwa maneno yangu, niliyotoka nayo nyumbani.

Direkta akasema, "Mama, ni sauti ya mutoto yako. Tunakata ao tunaacha?"

Wakakipitisha nisikie, na hapo ndipo nilipokwama. Polisi anauliza, weye unajibu, halafu Kapembwa anasahau maneno yake, na weye unapasuka. Si Mama Sufuria anayecheka. Ni weye, kile kicheko chako cha kukosa pumzi, kama ulipokuwa mudogo nikikuosha makwapa. Simu yenye video zako iliingia maji, unajua. Kanda zingine zote umevaa sauti za watu. Weye mwenyewe uko pale tu.

Nikawaomba wakate neno, waache kicheko. Kapembwa akahangaika na mashine, wapi! Unacheka huku unarudia, "sufuria... mutoto... sufuria..." Havitengani.

Nikauliza, basi Mama Feza aje hapa redioni naye akujibu? Direkta akakubali vizuri. Lakini nilipomupelekea habari, Mama Feza aliendelea kumenya mihogo yake. "Nimujibu marehemu?" akasema.

Usiku sikupata usingizi. Kapembwa ana haki, ulifanya kazi nzuri, na kazi nzuri inauma kukatwa. Lakini pale kaburini miye nilikuwa na maji. Huyu mwanamuke amumwangie nani? Redio? Kama ungekuwa hai ungemwendea na ule mudomo wako, ungepiga magoti, mungemaliza. Wafu hawapigi magoti, mwanangu. Kwa hiyo nimepiga miye.

Niliwaambia wakate. Direkta akataka kuniwekea kipande hicho katika simu. Nikakataa: nyumba zetu hazizuii sauti, Mama Feza angesikia, na miye nisikilize kwa kujificha chini ya blanketi kama mwizi?

Jumamosi nilikaa sokoni. Walipofika mahali pale walipitisha ngoma fupi, kichekesho kikaendelea. Watu walicheka sana. Hakuna aliyeuliza kitu. Mama Feza alinunua chumvi yake, akapita, hakuna aliyemuita. Nami nikacheka na wao, kwa nguvu, maana mama wa mucheshi hawezi kununa mbele ya watu.

Lakini chini ya ile ngoma kuko mutoto wangu, anacheka, na ni miye nimemuacha pale.

Pumzika, mudomo wangu mutamu.

Ni miye, mama yako, ambaye hata leo bado anajisifu.