Kesi Niliyomwachia Mwenzangu

Ijumaa. Mvua ya Nyamira imeanza mchana kama kawaida yake, nami niko ofisini nasubiri simu kutoka Kisii. Leo jaji mwenzangu anasoma hukumu ya kesi niliyoikimbia.

Neno kukimbia silipendi, lakini ndilo wanalolitumia mawakili wakidhani sisikii.

Kabla ya kuwa jaji nilikuwa hakimu Garissa, Kitale na Voi. Kote huko nilikuwa mgeni, na kwa kazi hii ugeni ni raha, maana hakuna anayejua kwenu. Nilipohamishiwa huku nilikoolewa, nilifurahia ndizi na mboga ya chinsaga. Mambo ya ukwe sikuyafikiria hata kidogo.

Kesi ilikuwa ya urithi. Kemunto (si jina lake) alifiwa na mume, na shemeji zake wakataka kumtoa shambani yeye na mwanawe, wakidai mtoto si wa marehemu. Ukweli wa nyumba ile aliujua mtu mmoja tu, mzee aliyekuwa rafiki wa marehemu, aliyeambiwa mambo ya chumbani ambayo mwanamume hamwambii hata ndugu yake. Bila ushahidi wake, Kemunto angepoteza shamba lake la majani chai na paa la kulala.

Mzee alipanda kizimbani na mkongojo wake, akaapa, kisha akanikazia macho.

"Wewe si bibi ya kijana wa Mogaka?"

Karani akamkanya kwamba hapa anayeuliza ni Mheshimiwa. Nikamjibu kuwa ndimi. Kumbe mzee ni binamu wa marehemu baba mkwe wangu, kwa hiyo kimila naye ni baba mkwe wangu.

"Basi huyu ni omokamwana wetu," akaiambia mahakama nzima. "Mke wa mtoto wetu! Hiyo maneno nitasema aje mbele yake?" Akageuka, akatazama ukuta.

Kwetu hii inaitwa ensoni. Baba mkwe na mke wa mwana hawatajiani mambo ya kitandani, hata kama mmoja wao amevaa joho. Sheria iliniruhusu kumlazimisha, na akikaidi, kumtia ndani. Nilimwona usoni. Angelala rumande bila kufungua mdomo.

Nikaziuliza pande zote mbili kama zina pingamizi nikiendelea. Kemunto akaomba niendelee, kwa kuwa alikuwa amechoka kuanza upya na alifurahi kumpata jaji mwanamke. Wakili wa shemeji zake naye akainuka akitabasamu. "Hatuna shida, Mheshimiwa. Tuna imani kamili na wewe."

Imani kamili!

Hapo nikashtuka. Shemeji zake walinitaka nibaki kwa sababu nikibaki, mzee ananyamaza, na akinyamaza wameshinda.

Nikajiondoa. Kemunto alilia palepale. "Hata wewe, mama?" Sikuweza kumweleza nilichokiona, maana ningekuwa nimeegemea upande. Niliumia, na niliogopa pia. Kama mzee yule angefariki kabla ya jaji mwingine kupata nafasi, mama huyu angekuwa amefukuzwa na mimi. Tangu siku hiyo sijauliza kesi ilivyokwenda. Jaji aliyejiondoa hachungulii.

Simu imelia sasa hivi. Kemunto ameshinda! Shamba ni lake na mwanawe. Mzee alieleza kila kitu mbele ya mwenzangu, mtu wa Lamu asiye na mkwe hata mmoja kwenye vilima hivi. Nimelia kidogo, mlango ukiwa umefungwa, na sioni haya kuliandika hilo.

Karani wa huko anapenda maneno. Hakutaka kukata simu.

"Mheshimiwa, si nikuambie vile mzee alisema? Watu hapa walishika mdomo!"

"Usiniambie."

"Hata kidogo tu?"

"Hata kidogo."

Amecheka, akidhani nafanya mzaha. Hukumu itachapishwa na wenzangu wataisoma yote. Mimi nikifika kwenye ushahidi wa mzee nitaruka, ingawa miaka yote hii nimelipwa kwa kusoma kila neno. Keshokutwa kuna harusi ya ukoo na mzee atakuwepo. Nitamsalimu kwa mbali, bila kumpa mkono, inavyotakiwa. Akiniuliza kama najua aliyoyasema, nataka niweze kumjibu kweli kwamba sijui.