Wa Sita kwenye Orodha ya Leza

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie, wewe na shemeji, ambaye najua ndiye anayekusomea. Shemeji, shikamoo. Tafadhali soma yote, usiruke neno hata ukiona aibu kwa niaba yangu. Mama hajambo, anakohoa kidogo tu na kugombana na kuku wa jirani. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho haitulii. Barua hii nimeianza mara tatu, na kila mara nimeinuka kwenda kuosha vikombe ambavyo wala si vichafu.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe hunitania, nami hucheka, kisha jambo lenyewe hupita kando. Dereva wa gari la dawa atakuletea hii kesho.

Kwanza nikueleze kazi yetu ilivyo. Mimi hupiga picha za retina, ule utando wa nyuma ya jicho, na kuzituma kwa daktari wa hospitali kuu. Yeye hujibu kwa rangi: kijani, nenda nyumbani, njano, subiri, nyekundu, wahi. Mashine ya leza, ile miale inayotibu retina iliyoharibika, huletwa kliniki yetu kila baada ya miezi mitatu, kwa siku mbili tu. Bima hulipia miwani lakini leza hailipii, na bei yake ni mshahara wangu wa miezi mitano. Wafadhili ndio wanaowalipia watu arobaini kila awamu, na wanaosubiri kwenye benchi hawapungui mia. Anayeandika orodha ya hao arobaini ni mimi.

Mwaka jana mtunza stoo wetu alimpenyeza mama mkwe wake. Wafadhili wakagundua, wakatishia kuufunga mfuko wote. Muuguzi mkuu alituita, akatuonya kwamba atakayembeba ndugu yake aanze kabisa kuaga wenzake. Tangu siku hiyo nikawa msafi kuliko sabuni. Hata mwenye duka akinisalimia kwa heshima, nilimwitikia shingo upande, nikidhani anatafuta nafasi.

Ndipo ukaja wewe na sukari yako iliyokupanda machoni, ukatangaza mbele ya benchi zima kwamba mcheza kwao hutunzwa. Watu walicheka, mimi jasho likanitoka. Nilikupiga picha, baadaye nikakuambia usubiri. Ukasubiri kwa adabu kuliko wote. Awamu moja ikapita, ya pili ikapita, na kila ulipouliza nilikujibu kwamba foleni ni ndefu. Wiki iliyopita shemeji alinieleza kwamba jicho lako la kulia limefunikwa na kitu cheusi, kwamba umeshona mkono wa gauni la mteja nyuma mbele, na kwamba ulicheka mpaka ukalia.

Dada, kwako foleni haikuwa ndefu. Jibu la picha yako lilikuwa nyekundu, macho yote mawili. Ulikuwa wa sita, kwa haki yako, bila mkono wa mtu. Niliona jina la baba yetu, nyuma ya lako, limekaa juu, nikaogopa midomo ya watu, nikakushusha hadi wa arobaini na tatu, kati ya wenye njano. Awamu ya pili nikarudia. Sikula rushwa ya mtu wala sikumwonea mgonjwa mwingine. Nilikuonea wewe, kwa sababu nilijua hutanigombeza.

Jana nilimwambia muuguzi mkuu yote. Aliichukua orodha, akasema sitaishika tena na kwamba kazi yangu itajadiliwa. Kisha akampigia daktari palepale. Kuhusu jicho la kulia daktari hakuahidi kitu. La kushoto, alisema, leza bado inaweza kuliokoa, mradi ufike Jumanne mashine itakapokuja. Jina lako ameliandika muuguzi mkuu mwenyewe.

Najua una haki ya kutotaka kukutana nami. Nimemwomba mwenzangu akupokee mlangoni. Mimi nitakaa stoo mpaka umalize. Lakini njoo, dada yangu. Nakuomba, njoo.

Nisalimie watoto, na wote wanaoniulizia, kama baada ya leo bado watakuwepo.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.