Springi za Kiti cha Baba

Tseikuru, 15 Januari 2024

Kwako Mwaitu,

Bwana asifiwe. Sisi tu wazima, mbuzi ni wazima, mvua ndiyo imekataa. Natumai huko Wote una afya njema na kazi ya viti vya bodaboda inakuendea vizuri. Mama yako anakusalimu. Ndiye anayeandika haya ninayosema, kwa kuwa mkono wangu siku hizi unatetemeka. (Hautetemeki. Lakini endelea kusoma. Mama.)

Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatia nikikaribia kushinda, halafu unasingizia mtandao.

Springi ya kiti cha pikipiki imevunjika, ile ya kushoto. Najua utaniambia ninunue pikipiki mpya. Usiniambie. Hii niliachiwa na yule mmishenari mzee alipokuwa anarudi kwao, na imenifikisha kwenye makanisa yangu matatu ya kule porini tangu hujazaliwa. Kule kuna wazee wasioweza kutembea hata hatua kumi, na nisipofika hawashiriki meza ya Bwana. Tena mkutano wa kanisa ni Agosti, na unajua watakachojadili: kama niendelee na mzunguko huu au wampe mchungaji kijana. Nikikosa kufika Jumapili mbili tu, watakuwa wamepata sababu yao.

Kwa hivyo nitengenezee kiti. Springi mbili nyuma, ngozi juu, kama cha zamani. Hicho cha zamani nimekutumia ukiige. Abubakar wa duka la vipuri pale Mwingi ndiye atakayekipakia kwenye basi. Fanya haraka, sasa tunakalia gunia.

Baba yako,
Mbithi


Wote, 9 Februari 2024

Kwako Baba,

Salamu zimefika na kiti kimefika. Mimi ni mzima, ila joto la Wote linatumaliza. Msalimie Mama sana.

Nikiona umeniita Mwaitu, yaani mama, eti kwa kuwa nina jina la mama yako, najua kuna kitu unataka. Siku nyingine zote mimi ni Ndila.

Sikuambii ununue pikipiki mpya. Nakuambia tu kwamba pikipiki za siku hizi zina shokomzoba nyuma. Yako ni chuma kitupu kuanzia gurudumu mpaka kwenye uti wako wa mgongo, na kinga uliyo nayo duniani ni hizo springi mbili na kipande cha ngozi. Nilipomweleza Kyule, jirani yangu wa kuchomelea vyuma, alidhani namtania. Waya wa kupindia springi tuliutafuta mpaka Emali.

Nimechagua waya mnene kwa sababu wewe ni mtu mzito. Springi laini ikikaliwa na mzito inagonga chini. Springi ngumu ikikaliwa na mwepesi haishuki kabisa, na hapo ni sawa na kukalia jiwe. Hizi zimepimwa kwa mwili wako, na ngozi ni ya ng'ombe, nzuri. Bolti ya mbele usiikaze sana, hapo ndipo kiti kinapochezea.

Na uendeshe polepole. Una miaka sabini na mmoja.

Binti yako,
Ndila


Tseikuru, 4 Machi 2024

Kwako Ndila,

Bwana asifiwe. Hatujambo, na tunashukuru Mungu kwa manyunyu ya juzi.

Hiki ulichotuma ni kiti au ni benchi la kanisa? Springi hazishuki. Ukivuka ule mto wa mchanga ukaanza kupanda kwenye mawe, kila jiwe linaingia mwilini mpaka meno yanagongana. Nilimsifia binti yangu mbele ya watu kwamba ni fundi, sasa sijui nitawaambia nini.

Jambo la pili. Tengeneza mto wa kuweka kwenye keria, pale nyuma. Anayekaa nyuma anateseka mno. Nyonga inamuuma, hasa ya kushoto, miguu haina pa kuwekwa, na jasho la anayeendesha linampiga usoni njia nzima. Ni mgeni tu huwa nambeba. Nimemhurumia.

(Nimeandika kama nilivyoambiwa. Hilo la jasho si kweli. Mama.)

Baba yako,
Mbithi


Wote, 20 Machi 2024

Kwako Baba,

Hamjambo huko? Mimi sijambo, lakini barua yako imeninyima raha.

Springi zile haziwezi kuwa ngumu kwako. Nilizijaribu kwa kumkalisha Kyule, ambaye mna unene mmoja, zikashuka vizuri kabisa. Kama kwako hazishuki, basi kuna jambo moja tu, nalo silipendi. Baba, umekonda? Umekonda kiasi gani? Unakula? Mama, kwa kuwa ni wewe unayeandika, niambie ukweli bila mabano. Kama ni ugonjwa mpeleke hospitali ya Mwingi wiki hii hii, na akikataa nipigie simu, nitakuja nimbebe mwenyewe.

Mto wa keria huu hapa. Kiti nirudishieni nikiangalie. Huyo mgeni wako naye ana malalamiko mengi kwa mtu anayebebwa bure.

Binti yako,
Ndila


Tseikuru, 11 Aprili 2024

Kwako Ndila,

Bwana asifiwe. Sijakonda. Siumwi. Nakula sahani mbili. (Tatu.) Niliulizia kiti, nimejibiwa mambo ya hospitali.

Kiti hiki hapa. Tangu ulipokituma kimekwenda makanisani kila Jumapili, kwa hivyo usiseme hatukukijaribu. Punguza ugumu, basi. Mto wa nyuma ni mzuri lakini ni mfupi upande wa kushoto. Mgeni ndiye anayesema.

Baba yako,
Mbithi


Wote, 26 Aprili 2024

Kwako Baba,

Salamu kwenu nyote wawili. Leo sitauliza afya kwanza, nitauliza baadaye.

Nimeweka kiti chako cha zamani na hiki kipya mezani, kimoja kando ya kingine. Ngozi mpya ikikaliwa mwezi mzima inachukua umbo la anayeikalia, hilo kila fundi wa viti analijua. Cha zamani kimebonyea kushoto, ndiyo maana springi ya kushoto ndiyo iliyovunjika. Ni ile nyonga yako iliyogongwa na fahali. Tangu siku hiyo unakaa upande.

Hiki kipya kimebonyea sawa kwa sawa. Aliyekikalia hana nyonga mbovu. Tena amekaa mbele sana, karibu na tangi, kama mtu mwenye mikono mifupi anayejivuta aufikie usukani. Wewe usukani unaufikia bila kuinama. Na ni mwepesi, kwa sababu springi hazikulegea hata kidogo, zimerudi kama zilivyoondoka.

Halafu kuna mgeni wa nyuma ambaye nyonga yake ya kushoto inamuuma.

Baba, ni nani anayeendesha hiyo pikipiki? Usinijibu kupitia mkono wa Mama. Au nijibu kwa huo huo, maana naanza kudhani ndio unaoshika usukani.

Ndila


Tseikuru, 17 Juni 2024

Ndila binti yangu,

Bwana asifiwe. Umepiga simu sana, nimeisikia ikilia. Nilimkataza mama yako asishike.

Leo naandika mwenyewe. Mama yako amekwenda kisimani, hayupo wa kuniwekea mabano. Mistari ikipandana nivumilie, siioni.

Katikati ya macho yangu kuna giza. Pembeni naona kidogo. Ukisimama mbele yangu naona masikio yako, uso hapana. Daktari alisema pale palipokwisha pamekwisha. Ilianza mwaka jana. Kwanza niligonga mbuzi wa Musyimi, nikasema mbuzi ni mjinga. Kisha nikaingia bondeni na pikipiki pamoja na mkate na kikombe vya meza ya Bwana. Siku hiyo mama yako aliinua pikipiki, akaniambia niipige kiki, akapanda mbele. Alikuwa amejifunza akinitazama. Tangu hapo mimi napiga kiki, kwa kuwa mguu wake ni mwepesi, kisha nazunguka nakaa nyuma. Watu wa kule porini wanatuona, lakini wametutunzia siri.

Wewe nilikuficha kwa sababu ungeogopa. Wazee wa kanisa niliwaficha kwa sababu wangefurahi.

Nina uchungu, Ndila. Nikiwa njiani mimi ni mhubiri asiyeona vizuri. Siku nitakayoambiwa nikae nyumbani nitakuwa kipofu. Usiwaambie. Ukimaliza hasira mtengenezee mama yako kiti kinachomfaa.

Baba yako


Wote, 25 Juni 2024

Kwako Baba, na wewe Mama unayemsomea,

Natumai mko salama. Nasema kweli, sijui mtakuwaje salama.

Nimelia, nikakasirika, nikalia tena kwa hiyo hasira. Miezi mitatu nimekaa nikidhani Baba ana saratani. Nilimpigia Abubakar nikamuuliza kama umekonda, akacheka, akasema umenenepa. Wewe unakula sahani tatu na mimi huku chakula kinanishinda.

Pole kwa macho, Baba. Ninakuonea uchungu. Lakini Mama je? Ana miaka sitini na mmoja, hana leseni, kitu pekee alichowahi kuendesha ni cherehani, na mmempandisha juu ya chuma kisicho na chochote nyuma isipokuwa springi zangu, tena zisizomfaa. Anabeba mtu mzito kuliko yeye kupanda mlima wa mawe. Akianguka nani atamwinua, wewe usiyemwona?

Sitengenezi kiti kingine. Hiki nacho kinabaki hapa Wote. Waambieni wazee wa kanisa ukweli kabla ya mwezi ujao kwisha, la sivyo nitawapigia mimi. Na Mama ashuke.

Ndila


Tseikuru, 22 Julai 2024

Kwako Ndila,

Bwana asifiwe, mwanangu. Sisi tuko, na wewe najua uko ingawa umenuna. Leo hakuna anayenisemea maneno. Baba yako yuko hapo nje anauliza naandika nini, nimemwambia ni mambo ya wanawake, amekwenda kwa mbuzi wake.

Tumewaambia. Tulikwenda Jumapili baada ya ibada, baba yako akasimama akasema mwenyewe kwamba haoni. Katikati nilimshika mkono, akamaliza. Kisha akasema ni mimi ninayemwendesha. Mzee Ndolo akasema mwanamke hawezi kutangulia huduma ya mchungaji. Nilimwambia, "Huduma imekaa nyuma salama. Mimi niko mbele kutafuta njia." Wengine walicheka, yeye hakucheka. Mwishowe wamekubaliana hivi: Jumamosi ya mkutano wa Agosti nipande ule mlima wa mawe wakiwa wanatazama, na mtu nyuma. Nikifika juu, baba yako anaendelea na makanisa yake. Nikianguka, amestaafu siku hiyo hiyo.

Leseni ninayo, nimeichukua mwezi huu huu. Kwenye mtihani nilikuwa na vijana wa bodaboda waliokuwa wakinicheka, wawili wakafeli.

Lakini kwa gunia ule mlima sitaumaliza nikiwa na mtu nyuma, nikuambie ukweli. Gurudumu likigonga jiwe narushwa, miguu inaachana na chuma, na nikirudi chini usukani umekwisha kupinda. Kile kiti chako kigumu kilikuwa kibaya, ila angalau nilikuwa na pa kurudi.

Sasa nikuambie na langu. Umeandika nishuke, kana kwamba kuna mtu amenilazimisha. Miaka thelathini na minane nimekaa nyuma ya pikipiki hiyo nikitazama shati la baba yako. Mto naujua kwa kuloa miguu. Mlima naujua kwa kuteleza nyuma. Sikuwahi kuona kitu chochote kikija, niliona vitu vikiwa vimekwisha pita. Sasa naona njia yote. Asubuhi tukitoka, kwale wanaruka mbele yangu, si mbele ya mtu mwingine. Baba yako anaimba huko nyuma na mimi namwacha aimbe.

Wazee wakikataa ataumia, nami nitaumia kwa ajili yake. Lakini pikipiki sitaiacha. Hilo bado sijamwambia, na wewe usimwambie.

Kiti ni kazi yako, mimi sikulazimishi.

Mama yako,
Syombua


Wote, 12 Agosti 2024

Kwako Mama,

Nakusalimu kwanza wewe, Baba nitamsalimia mwisho. Natumai u mzima na mikono ina nguvu.

Kiti hiki hapa. Waya ni mwembamba, mizunguko ya springi nimeiongeza, na ngozi nimeisogeza mbele ili usijivute. Sikuwa na mtu wa kukipimia, Kyule ni mzito mno, basi nikakifunga kwenye benchi la kazi nikakikalia mimi mwenyewe, kwa kuwa watu wote wanasema mwili wangu ni wako. Nilishona viti vya wateja siku nzima nikiwa juu yake, napanda na kushuka, soko zima la Wote likaja kucheka. Kinashuka vizuri. Hakigongi chini. Baba asikikalie hata mara moja, atakiharibu.

Bado nimewakasirikia. Na kwa miaka yote hiyo nilidhani unapenda kukaa nyuma. Sikuwahi kukuuliza, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Kifunge mapema ukizoee. Mimi nafika Ijumaa na gari la jioni. Mwambie Baba nimemsalimia, na Jumamosi asimame chini pamoja na Mzee Ndolo na wenzake. Hataona, lakini injini ataisikia mpaka juu.

Unajua ninavyoogopa pikipiki, natengeneza viti vyake tu. Lakini wakiuliza ni nani atakayekubali kupanda ule mlima nyuma yako, usihangaike kutafuta mtu. Nitakaa mimi.

Binti yako,
Ndila