Odongo Alipokuita Uligeuka

Baba Atieno,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu hiyo ndiyo lugha yetu wawili. Ulinitoa kwetu Kehancha nikiwa sijui hata salamu ya Kijaluo, na Kikuria kilikushinda wewe mpaka mwisho. Mwandiko utauvumilia. Shule niliachia darasa la tano, unajua.

Nimekukasirikia. Nilitaka kuanza na salamu kama watu, lakini hiyo ndiyo iko mbele.

Unakumbuka vile nilikuwa nakuita kutoka jikoni? Baba Atieno, chai. Baba Atieno, kuku ameingia ndani. Umekaa tu hapo na gitaa lako la besi, mgongo kwangu. Halafu Odongo mwenye bendi anapita, anasema neno moja na ile sauti yake kama ya fahali, unageuka, unacheka. Nikajiambia huyu mwanaume amechoka na Kiswahili changu. Amechoka na mke wa kabila lingine. Nikaenda kwa mama anayeuza samaki wa omena hapo sokoni Ndhiwa, nikamwambia nifundishe Kijaluo vizuri, bwana yangu hanijibu tena. Akanicheka, lakini akanifundisha. Nikaja nikakuita kwa lugha ya mama yako. Hukugeuka. Siku hiyo nililia chooni ili mtoto asinione.

Miaka mitatu nimeishi hivyo, nikifikiri nadharauliwa.

Kisha ile pikipiki ikakugonga kutoka nyuma. Kijana aliyeiendesha aliapa mbele ya watu kwamba alipiga honi mara tatu. Watu wa soko wakasema ulikuwa umelewa, wewe ambaye busaa hukuionja tangu uokoke. Nikakuzika ukiitwa mlevi na sikuwa na neno la kuwajibu.

Sasa ninalo. Siku ya kukuzika Odongo alileta spika zote, akasema tumuage vile alipenda. Atieno wetu, uliyemfundisha kupiga, akapewa gitaa lako na kile kiti chako mbele ya spika kubwa, maana wanasema besi lazima mpigaji aisikie kifuani. Alipiga kuanzia adhuhuri mpaka udongo wa kaburi ukaisha. Asubuhi yake akaniambia, "Mama, kuna kitu inalia ndani ya sikio kama nyenje, hainyamazi." Nikamwekea mafuta ya uvuguvugu, vile tunafanya. Nyenje akabaki. Nikamwombea. Akabaki. Ndipo nikampeleka hospitali huko Homa Bay.

Walimfungia kwa kachumba kadogo, wakamvalisha vitu vya masikioni, akaambiwa abonyeze kitufe kila akisikia mlio. Mimi niko nje namwangalia kwa kioo. Daktari anatuma mlio, mtoto ametulia tu. Anatuma mwingine, ametulia. Baba Atieno, alikaa vile wewe ulikuwa unakaa.

Daktari ni msichana mdogo lakini ana subira. Akanieleza kwamba kelele ya spika inaua masikio polepole, na sauti nyembamba ndizo hupotea kwanza: ndege, watoto, wanawake. Zile nzito zinabaki nyuma. Nikamuuliza, kwa hivyo mtu anaweza kumsikia rafiki yake na asimsikie bibi yake? Akasema, "Mama, mara nyingi hivyo ndivyo inaanza." Nikaomba kiti.

Sikio la kushoto la Atieno limeanza. Iliyopotea hairudi, ndivyo alisema. Lakini iliyobaki inalindwa. Akampa vizibo vya mpira vya kuvaa akipiga, akasema akae mbali na spika, na akitoka kupiga apumzishe masikio siku nzima.

Nikamwendea Odongo kwa heshima zote, maana sasa Atieno ndiye anapiga mahali pako, nikamwomba amtoe mbele ya spika na apunguze sauti. Akacheka. "Mama Atieno, sasa unataka tupige muziki ya kunong'onezana? Bwana yako alikaa hapo miaka ishirini na hakulalamika." Nikamwambia bwana yangu alikuwa kiziwi. Akaacha kucheka. Akaangalia chini, akasema, "Ndiyo. Alikuwa anaufuata kwa macho mguu wa mpiga ngoma. Aliniambia nisikuambie, ungemtoa kwa bendi."

Kwa hivyo alijua. Ulimwambia yeye.

Ni kweli ningekutoa. Ningekutoa kwa mkono, ningepiga kelele, ungelima mahindi na mimi ukinuna. Na leo ungekuwa hapa umenuna.

Atieno anavaa vile vizibo nyumbani. Kwa bendi anavitia mfukoni. Wenzake wanamsumbua, "We Atieno, unatusikia ama tukuandikie barua?" Ana miaka ishirini na mbili na anapenda kuchekesha watu kama wewe, basi naye anacheka, anavitoa. Nikimkemea ananiambia, "Mama, relax, ni kidogo tu." Juzi nilimwita akiwa anafua. Nilimwita mara ya pili. Sijui kama ni maji yalikuwa yanamwagika. Nilisimama mlangoni mpaka akageuka.

Jumamosi wanapiga huko Sindo, kuna mazishi ya mzee fulani. Nitapanda gari nao. Odongo hajui. Nitachukua kiti cha Atieno cha plastiki mimi mwenyewe nikiweke nyuma ya spika, mbele ya wafiwa wote, na mtoto hatapiga waya hata moja mpaka nione mpira kwa masikio yote mawili. Watasema mjane amerukwa na akili. Wakikataa, nitabeba gitaa lako nirudi nalo Ndhiwa. Atanichukia mwaka mzima. Sawa. Anichukie akinisikia.

Haya, Baba Atieno, nimalizie hapa, bado sijapiga pasi nguo za safari. Pumzika. Kunyamaza kwako nimekusamehe, hukunisikia. Lakini hiyo ya kumwambia Odongo ukaniacha mimi jikoni nikiita, hiyo bado, na siwezi kukudanganya ukiwa huko.

Mtoto nitamtoa mbele ya hiyo spika. Hilo nakuahidi.

Boke wako