Nasafiri na Koti la Mume Wangu

Mshauri mpendwa,

Nakuomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana siku hiyo nitawekwa mbele ya kamera za televisheni nieleze jambo ambalo halikutokea, na nimeshindwa kumwambia mtu yeyote, hata watoto niliowazaa mwenyewe, ndiyo maana nakuandikia wewe usiyenijua, ila tafadhali barua hii usiitoe gazetini, nijibu kwa bahasha niliyoiambatanisha, anwani iliyo juu yake ni ya fundi wangu wa nguo, yeye hana tabia ya kufungua barua za watu.

Nina miaka hamsini na tatu, nilifundisha shule ya msingi miaka kumi na tisa nikaacha mume wangu alipopata ubunge, kwa sababu aliniambia mke wa mheshimiwa hawezi kushinda na vumbi la chaki mikononi, watoto wetu wawili wana nyumba zao na wako mbali, na sebule yetu haikosi wageni kuanzia asubuhi, wanakunywa chai wakimsubiri yeye, wananiita mama, wanasifia mapazia, halafu yeye akitokeza tu mlangoni wote wanasimama na mimi nabaki nakusanya vikombe.

Miaka minne iliyopita mume wangu alisimama bungeni akasema ni aibu wawakilishi wa watu kuruka daraja la kwanza wakinyoosha miguu wakati waliowachagua wamekunjwa kama nguo za kupiga pasi, akaapa kwamba kuanzia siku hiyo yeye na mkewe watakaa viti vya nyuma na wananchi, na watu wakampenda kweli, wakampa jina la Mzee wa Nyuma, wakamchora kwenye kuta, na mimi nikampenda upya, sikufichi, nilijisemea huyu ndiye yule kijana aliyekuwa akinisubiri nje ya ukuta wa shule na baiskeli ya kuazima.

Sasa sikiliza inavyokuwa. Tunaingia kwenye ndege, tunakaa nyuma, mimi dirishani yeye kando yangu, msaidizi wake wa habari anapiga picha magoti ya Mheshimiwa yakigusa kiti cha mbele, abiria nao wanatoa simu wanapiga zao, anawasalimia, anambeba mtoto wa mtu, na mlango wa ndege ukishafungwa tu anakuja mhudumu anainama na kusema, "Mheshimiwa, rubani anaomba kukusalimia," naye anavua koti, analitandika vizuri kwenye kiti chake, miwani juu yake, ananiambia "nakuja," na huyo anapita pazia, haji. Tiketi za mbele ofisi inazikata kama kawaida kwa sababu haki ile haikufutwa, ila yeye alitangaza tu kwamba haitumii, na wale anaokaa nao huko hawawezi kusema maana wengi ni wenzake. Taa ya kufunga mikanda ikiwaka tukikaribia kutua ndipo anarudi, anavaa koti, tunashuka kwa mlango wa nyuma pamoja na watu, na chini waandishi wanatusubiri.

Kazi yangu mimi ni kulinda kiti. Mtu akiuliza nasema yuko chooni, baadaye nasema ananyoosha miguu, daktari kamwambia mambo ya mishipa, na safari zingine ni za saa saba, Mshauri, nimeshakwenda nchi kumi na moja hivi na katika hizo zote sijawahi kutembea mtaa hata mmoja na mume wangu, yeye yuko kwenye mikutano na mimi niko chumbani hotelini naangalia televisheni ya lugha nisiyoielewa, naoga mara mbili kwa sababu sina la kufanya. Unaweza kucheka lakini nimeanza kuzungumza na lile koti. Si kwa sauti. Nalieleza ninachokiona dirishani, nalikung'uta makombo, siku moja nilijikuta nalifunga mkanda.

Miezi miwili iliyopita tulikuwa tunarudi nyumbani, amekwisha kwenda mbele, wanatangaza tuzime simu, mimi naizima yangu na hapohapo unaingia ujumbe wa kaka yangu kwamba dada yetu mkubwa amefariki asubuhi hiyo. Huyo dada ndiye aliyenilea, mama yetu alikuwa mgonjwa miaka mingi, kusuka nywele na kushona nimefundishwa naye. Nilimwita mhudumu nikamwambia kamwambie Mheshimiwa nimefiwa, akaenda, akarudi akaniambia, "Anasema pole sana mama, atakuja chakula kikishatolewa." Chakula kikatolewa, sahani zikakusanywa, hakuja. Nikainuka nikaenda mwenyewe mpaka kwenye pazia, nikalifungua, nikamwona amelala, blanketi hadi kidevuni, na kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Mhudumu akanishika bega kwa upole akanong'ona, "Mama, hicho ni cha kwako, kimekatwa kwa jina lako, kila safari huwa ni cha kwako, lakini tumeelekezwa ukae kule." Sikumwamsha. Sijui kwa nini sikumwamsha, najiuliza mpaka leo.

Nikarudi nikalia mpaka mama mmoja wa ng'ambo ya njia, mama mtu mzima, mkono umefungwa plasta, akainuka akaja akaniuliza, "Mwanangu, una nini? Sogea nikae na wewe." Akashika lile koti alisogeze. Na mimi, Mshauri, kwa mdomo wangu, machozi yananitiririka, nikamwambia, "Hapana mama, hapo kuna mtu, mume wangu anakuja sasa hivi." Akanitazama, akalirudisha koti, akaenda kukaa kwake, na mimi nikalia peke yangu kwa saa nne na nusu.

Tulipokaribia kutua akarudi, akasema, "Pole mke wangu. Futa uso, kuna waandishi chini." Kwenye ngazi akanishika mkono, na hiyo ndiyo picha uliyoiona, nchi nzima imeiona, macho yangu mekundu na mkono wangu ndani ya mkono wake, msaidizi akaandika chini yake kwamba Mheshimiwa alimfariji mkewe aliyefiwa safari nzima bila kumwachia mkono, pale kwenye viti vya nyuma. Watu walilia. Wageni sebuleni waliniambia mama umebarikiwa. Mazishini niliwekwa kwenye viti vya msafara, ndugu zangu wakakaa upande wa pili, na binti wa marehemu ananipigia simu kila wiki, "Mama mdogo, utakuja lini?" namjibu nina ratiba.

Uchaguzi unakaribia na Jumamosi tumealikwa kwenye kipindi cha familia za viongozi. Msaidizi ameniletea karatasi ya majibu, nimeandikiwa nieleze jinsi alivyonishika mkono na maneno aliyoniambia, hata mahali pa kunyamaza kidogo pameonyeshwa. Nilimwambia mume wangu siwezi, akasema, "Kwani ni uongo gani? Si nilikushika mkono?" Binti yangu nilimgusia tu kwamba sitaki kwenda, akasema, "Mama, usimwangushe baba sasa hivi." Nimedanganya kuhusu kiti miaka minne na sikukosa usingizi, lakini huyu ni dada yangu, na nikikataa nitaonekana mke mbaya, na nikikubali sijui nitamwangaliaje yule binti yake, na mume wangu bado nampenda, hilo nalo liweke kwenye mizani. Nifanye nini?

Mimi, mlinzi wa kiti.

*

Dada yangu mlinzi wa kiti,

Sitaichapisha. Nakujibu kwa mkono, na mwandiko wangu ni mbaya, kwa hiyo vumilia.

Kwanza pole kwa dada yako. Nadhani katika watu wote waliokupa pole, wengi walikuwa wanampa pole mume wako kupitia kwako. Hii ni yako peke yako.

Sasa nikugombeze kidogo. Wewe umefundisha watoto wa watu kusoma na kuandika, halafu miaka minne unawaambia watu wazima kwamba mumeo yuko chooni kwa saa saba? Na ukadhani wanakuamini! Hawakukuamini. Walikuwa wanakuonea huruma. Kila safari kulikuwa na safu nzima ya watu wanaosema moyoni, masikini yule mama, mumewe kamkimbia ndani ya ndege. Ulijiona unamlinda yeye, na wewe mwenyewe ulikuwa wazi pale kwenye kiti cha dirishani, mtu yeyote angeweza kukuona.

Na yule mama mwenye plasta. Hapo nilisimama, nikaenda kunywa maji, nikarudi. Mumeo kukuacha ni kosa lake, na ni kosa kubwa, sitalipaka rangi. Ila mtu alikuja na mkono mzima mmoja kukushika, ukamfukuza ili koti lipate pa kukaa. Hilo ulilifanya wewe. Nalisema si kwa kukuumiza, nalisema kwa sababu unalifanya tena sasa hivi. Binti wa dada yako anakupigia kila wiki, anaomba akae na wewe, nawe unamwambia kuna mtu hapo. Ratiba gani? Ya kukusanya vikombe?

Unaniuliza kuhusu televisheni, lakini barua yako kwa sehemu kubwa haisemi televisheni. Inasema uko peke yako. Nitakuambia bila kukuzungusha: mimi sina dawa ya kumrudisha yule kijana wa baiskeli. Labda yupo, labda alishuka njiani zamani. Hata angehamia kweli kiti cha nyuma kesho, angekaa hapo kwa ajili ya picha, na wewe ungeendelea kusafiri na koti, tofauti ni kwamba lingekuwa na mtu ndani. Mapenzi yako kwake nimeyaweka kwenye mizani kama ulivyoniomba. Mpende. Kumpenda hakukulazimishi kumkabidhi msiba wako akaombee kura.

Fanya hivi. Usisubiri Ijumaa. Wangoje wageni waondoke, mfungie msaidizi nje, kaa naye mezani. Usilie, kwa sababu ukilia atakupa kitambaa na mazungumzo yataishia kwenye kitambaa. Mweleze ile safari tangu simu ilipoingia, hatua kwa hatua, pamoja na pazia, pamoja na blanketi, pamoja na kiti kilichokatwa kwa jina lako. Nina hakika hajui kwamba ulimwona. Umekaa na jambo hilo miezi miwili ukimsubiri akisie. Hakisii mtu aliyelala.

Kisha mwambie maneno mawili tu. Mambo ya viti ni yake, aliyaanza mwenyewe na atayamaliza mwenyewe, wewe hulindi tena, na safari ijayo koti liende peke yake. Dada yako ni wako, na jina lake halitatoka mdomoni mwa mtu yeyote kwenye kipindi hicho. Ile karatasi ya majibu mrudishie yeye mkononi. Usiichane, usifanye sinema, mrudishie tu.

Binti yako naye mpigie. Ulimgusia, na mtu aliyegusiwa hujibu kwa kugusia. Mpe habari kamili, ni mtu mzima, ataamua mwenyewe nani ameangushwa. Na kabla ya yote hayo, leo, panda basi uende kwa yule mtoto wa marehemu. Usiende na gari la ofisi, usiende na mpiga picha. Lala huko siku mbili. Mkunje nguo za mama yake pamoja, muulize alisema nini siku za mwisho, lieni mnavyotaka. Mumeo akiuliza uko wapi, mwambie uko kwenu.

Akikuelewa, Jumamosi atakwenda peke yake au hatakwenda kabisa, na hilo litakuambia mengi kuliko barua yangu. Asipokuelewa, atakuomba, atakutisha kidogo, atakuvika kilemba cha ukoka kwamba wewe ndiye nguzo ya nyumba. Basi nenda. Vaa gauni unalolipenda wewe, si lile walilokuchagulia. Mtakaa kwenye kochi moja, yeye kando yako, na safari hii hakuna rubani wa kumwita. Mtangazaji atakuuliza, mama, ulipopata habari ya msiba ule mkiwa angani, nani alikuwa pembeni yako? Mwambie hapakuwa na mtu. Usimtaje, usimtukane, usiongeze neno hata moja. Mgeukie mume wako, umtazame, na umngoje aseme yeye.