Baba, Ulitoroka Wodini kwa Ajili ya Maharage

Mwaka umetimia, Baba, tangu utuache, na bado tuna ugomvi na wewe.

Waliokuja kutupa pole walikusifu kwa upole. Ni kweli, ulikuwa mpole. Lakini wao hawakuishi na wewe. Wingu likitanda tu, ulifunga duka, mteja akiwa bado na kikapu mkononi, ukakimbilia shamba lako nyuma ya nyumba. Mwenye shida ya sabuni akufuate huko huko. Na ulimhudumia kati ya matuta, maana mifuko ya koti lako ilijaa sindano, viberiti na vipande vya sabuni. Mama alilifua koti hilo miaka thelathini, na kila mara kulikuwa na kiberiti kilichoroa.

"Mimi nimeolewa na mtu au na duka?" aliuliza.

Ulicheka, ukatafuta kiberiti kingine.

Majirani walikuita Mzee Nipo. Mtu akigonga mlango uliofungwa, ulimjibu kutoka ng'ambo ya uzio, "Nipo!" Kuja ilikuwa habari nyingine.

Moyo ulipoanza kukusumbua, Mama ndiye aliyelima. Alipanda na kupalilia peke yake, huku sisi binti zako tukipokezana dukani. Maharage yalipokauka, wewe ulikuwa umelazwa. Daktari alisema wazi: wiki mbili kitandani, usiinue hata ndoo.

Siku ya tatu uliona mawingu dirishani.

Binti yako mkubwa alifika na chai akakuta kitanda kitupu. Alikutafuta hadi chooni. Kumbe uko shambani, na kandambili za hospitali, plasta ya dripu mkononi, unang'oa maharage.

"Baba, daktari alisema nini?"

"Daktari hana maharage."

Tulikuketisha kwa nguvu, tukang'oa sisi. Hata hapo hukunyamaza: mnayavuta vibaya, mnapukutisha, nani aliwafundisha. Ni wewe, Baba. Mvua ilianza tukiingiza mzigo wa mwisho stoo. Ndipo ukasema, "Mama yenu kainama miezi mitatu. Nilale tu, jasho lake lioze?"

Mama alikusikia. "Nani alikwambia nataka maharage?" alisema, akaingia ndani, akafunga mlango.

Tulikurudisha wodini jioni hiyo hiyo. Siku ya nane ukatutoka. Daktari alisema huenda ingekuwa hivyo hata kama usingetoroka. Huenda. Neno hilo moja limetunyima raha mwaka mzima, na wewe hupo tukugombeze.

Magunia yalikaa stoo. Mama hakutaka hata kuyaona. Mwezi uliopita, mvua za kwanza ziliponyesha, alifungua moja, akachagua mbegu, akashika jembe. Tulimwuliza kama ameshakusamehe.

"Sijamsamehe," alisema. "Napanda tu."

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anapalilia na hataki msaada. Na sisi binti zako watatu. Na mdogo wako seremala, aliyeapa hatalia mazishini, akalia kutushinda sote. Pamoja na wakwe na wajukuu zako.

Tutakukumbuka siku zote, Baba, na zile tunazokukasirikia zimo.