Mashine Mbili za Didia

Marahaba, Minza mjukuu wangu. Sisi hapa Didia wazima. Dengu zimekubali. Baba yako mdogo Shija bado yuko machimboni Segese; akipata mtandao hupiga simu, asipopata tunakaa.

Umeniuliza kama utie sahihi kuzuia kampuni yenu ya kompyuta, kubwa hivyo, isinunuliwe na nyingine kubwa zaidi. Kompyuta sizijui. Nilichokiona mimi ni mashine za kusaga.

Nilipoolewa hapa zilikuwepo mbili, zikitazamana barabarani. Ukitokea tu na debe la mahindi kichwani, wenye mashine wote wawili walitoka mbio, kila mmoja akitaka akutue yeye. Kisha mmoja akataka kumnunua mwenzake. Wanawake tukaenda kwa mwenyekiti wa kijiji kupinga. Mnunuzi akaja na maneno mazuri: ataleta mashine mpya, unga utakuwa laini, bei haitapanda.

Jirani yangu Mama Masele akamuuliza, "Na ukituudhi, tutavuka barabara kwenda wapi?"

Akacheka, na wazee nao wakacheka. Akanunua.

Simsingizii. Mashine mpya ilikuja, unga ukawa laini, bei ikabaki ileile. Ila yeye alikaa ndani kwenye kiti chake, na sisi tukawa tunatuana madebe wenyewe pale mlangoni.

Sahihi ni yako, mama. Ukitia, usiseme hao wanunuzi watawapunja, maana huenda wasiwapunje. Uliza lile swali la Mama Masele, uone nani atacheka.

Bibi yako